Usifike Kabla Yangu

Sheria ya ukumbi ule ilikuwa moja tu, nami ndiye niliyeitunga, kwa hiyo asinihurumie mtu kabla hajasikia. Waliniletea fomu. Katika mji ule kila kitu kilianza kwa fomu: kuoa, kuzika, kuchimba kisima, kupuliza tete. Niliulizwa jina, nikaandika Rushdi Atallah. Niliulizwa chombo, nikaandika nai, tete la pingili tisa na matundu saba, sita mbele na moja nyuma. Niliulizwa aina ya muziki, nikaandika nai ya Palestina pamoja na jazi, mpigaji peke yake. Kisha likaja swali la kumi na nne: onyesho litaisha saa ngapi? Hapo kiburi kikanipanda. Mtu mwenye akili zake angeandika saa kumi na mbili jioni akaenda zake. Mimi nilijaza mistari yote mitano, nikaigeuza karatasi, nikaendelea pembeni. Niliandika kwamba muziki wetu hauishi kwa saa. Kila wimbo una sauti yake ya nyumbani. Mpigaji huondoka hapo, huzurura njia moja baada ya nyingine, huwatia watu hofu kwamba amepotea, halafu hurudi. Anapotua kwenye sauti ile ya nyumbani, wasikilizaji hushusha pumzi kwa pamoja na kusema "Allah". Hapo ndipo wimbo umekwisha. Niliandika kwa mwandiko mzuri, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, na kweli walinisifu. Wakaigonga fomu muhuri, sentensi yangu ikawa sheria.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Kwangu mimi ilikuwa kalamu, na kichwa kilichoponzwa ni cha mama yangu.

Mama, Wasfiya, anaishi upande wa pili wa ukuta. Ulipojengwa, mimi nilikuwa upande huu nimebeba begi la safari, yeye upande ule akianua nguo, na tangu siku hiyo tumekuwa tukionana kwa vibali. Kibali cha safari hii kilisema kwamba Wasfiya anaruhusiwa kuwa upande huu ili ahudhurie onyesho la mwanawe, na ni halali mpaka onyesho litakapokwisha. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, kilisema kwamba atakayekutwa nje ya ukumbi mwisho utakapoandikwa jina lake litafutwa katika daftari la upande ule, wala halitaandikwa katika la upande huu. Watu wa namna hiyo nimewaona. Ukiwasalimu wanaitikia, lakini muuza mikate huwaruka akampa mkate aliye nyuma yao, na watoto wao huwaita kwa jina la mtu mwingine.

Mama alinikuta kwenye ujia, nikilowesha mdomo wa nai kwa mate. Ukutani palikuwa na tangazo la onyesho. Neno Palestina lilikuwa limebandikwa kipande cha karatasi nyeupe, kwa hiyo lilisomeka "Nai ya" halafu utupu. Mama alilisoma, akakwaruza kile kipande kwa ukucha, hakikubanduka. Nikaona amevaa viatu vya raba, vya kutembelea mbali. Nikajua kabla hajasema. Aliniambia hatakaa. Anakwenda Ain Qasab, kijiji chao yeye na marehemu baba, penye chemchemi ambako baba alikata tete la nai yake ya kwanza. Amekaa miaka thelathini na moja akisubiri kuwa upande huu kwa muda usiokuwa na saa, na muda huo nimempa mimi kwa mkono wangu.

Nikamuuliza atachukua muda gani.

"Wewe ondoka nyumbani taratibu," alisema. "Zurura. Si ndiyo kazi uliyoisomea ng'ambo?"

"Mama, pumzi ina kiasi."

"Usifike kabla yangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba, mwanangu."

Akaweka mkoba wake juu ya kiti, mstari wa tatu, penye njia, ili aonekane amekwenda kutawadha. Akatoka. Milango ya ukumbi ule ilikuwa na tabia moja: baada ya wimbo kuanza, ilimfungukia anayeingia tu. Nikapanda jukwaani, nikapiga sauti ya nyumbani mara moja, kwa muda mrefu, ili wote waijue. Halafu nikaiacha.

Nina walimu wawili na hawajawahi kuelewana kichwani mwangu. Wa kwanza ni baba. Alinifundisha kwa kunipiga vidole na kijiti mpaka vikajua njia ya kurudi bila mimi. Alikuwa akisema kwamba siku moja nitasahau kila kitu, na siku hiyo vidole vyangu virudi nyumbani vyenyewe, kama punda aliyemwangusha bwana wake. Wa pili ni mzee mmoja wa gitaa la besi, ng'ambo, katika chumba cha chini ya ardhi chenye harufu ya koti bichi, aliyenisikiliza jioni nzima kisha akaniuliza kwa nini ninarudi pale pale kila mara, nimesahau nini? Yeye ndiye aliyenipa jazi. Nilijifunza kwake kuikamata sauti isiyo ya njia yangu na kukaa nayo hadi ijione mgeni, kuugeuza wimbo ndani nje, kuanza sentensi kwa kituo. Kutoka kwa baba nilipata tungo, kutoka kwa yule mzee nilipata mlango wa nyuma. Siku ile nilivihitaji vyote viwili, kwa hiyo nilipiga huku wakigombana, mmoja katika mkono wa kulia, mwingine katika mkono wa kushoto.

Pumzi nilikuwa nayo. Baba alianza maisha akipiga zile filimbi pacha za harusini, ambazo mpigaji hujaza mashavu hewa, akaisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, na sauti haikatiki. Wapiga nai husema haiwezekani kwenye nai. Inawezekana, ila inauma nyuma ya masikio.

Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu, ulikuwa wa alasiri. Nakumbuka nilijiambia kwamba ukifika kwenye mlango wa mashariki nitakuwa nimepiga saa moja. Haukufika. Ulikaa palepale kwenye kile kiti cha mstari wa tatu, juu ya mkoba wa mama.

Mwenye mwisho ndiye mwenye kitu. Niliyafikiri haya nikiwa katika njia ya muziki iitwayo Hijazi, mbali kabisa na nyumbani. Nyumba si ya anayeijenga wala anayeilalia. Ni ya yule anayeweza kusema "tokeni". Siku si ya jua, ni ya anayefunga lango. Hata maisha yangu, nikiyatazama, yamekuwa ya wale waliojua yataishia wapi, na mimi nilipewa katikati yake tu, nicheze nayo. Kisha wakanipa fomu, wakanipa mwisho wangu niushike mkononi kwa mara ya kwanza, na mimi nikawarudishia kwa adabu, nimeupiga pasi. Kwa nini? Kwa sababu walioniuliza walionekana kutaka kujua kweli. Mtu ambaye hajaulizwa kitu miaka mingi, ukimuuliza saa atakueleza habari za jua.

Mara ya kwanza vidole vilinisaliti mapema. Nilikuwa nimepumbaa, nikiwaza mama amefika wapi, amepita penye kiwanda cha mawe au bado, na vidole vikaona bwana wao amelala. Vikashuka ngazi moja, nyingine, na ya tatu. Nikasikia ukumbi mzima ukivuta hewa, watu mia tatu wakijiandaa kuishusha. Pembeni ya jukwaa, kwenye meza ndogo yenye daftari na muhuri, alikaa mtu waliyemwita Afisa wa Mwisho. Hakujua muziki. Alijua sentensi yangu tu. Akainua kalamu. Nikaishika sauti ya nyumbani kwa ncha, nikaikunja juu, robo tu ya sauti, ikaenda upande ambao hapana mtu aliyewahi kwenda. Hewa ya watu ikabaki vifuani. Kalamu ikashuka.

Katika mstari wa mbele alikuwapo Bi Nazmiya, mshonaji, jirani ya mama tangu kambi ya wakimbizi. Alikuwa na darizi mapajani, mishono ya misalaba midogo myekundu, maana hakuwahi kusikiliza muziki mikono mitupu. Sikio lake lilijulikana pande zote mbili. Waimbaji walikuwa wakimtafuta usoni kabla ya kuanza, na ambaye Bi Nazmiya hakumshushia pumzi alirudi kwao kulima. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akakitazama kiti cha mstari wa tatu, akautazama mkoba, akanitazama mimi. Kisha akamwinamia wa kulia kwake, na habari ikapita kiti hadi kiti mpaka nyuma: mama yake yuko nje, msishushe pumzi.

Lakini sikio halina breki. Mara ya pili nilipokaribia nyumbani nilikaribia kwa uzuri, nakiri, kwa uzuri wa kujionyesha, na Bi Nazmiya alishindwa. "A—" ilimtoka. Kalamu ikaruka juu. Akaigeuza kikohozi. Jirani yake akakohoa pia, ili kisiwe kikohozi cha mtu mmoja, na wa nyuma yake, na mara ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi, kila mtu na chake, vikavu na vya makohozi, kimoja kirefu kule nyuma cha mtu ambaye bila shaka alikuwa mgonjwa kweli. Nilitaka kucheka. Mpiga nai akicheka sauti inakatika, kwa hiyo nililia, maana kulia hakuzuii pumzi ya pua kama unajua namna.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi nilipoona darizi ya Bi Nazmiya imeshuka magotini, imepita viatu vyake, imefika kwenye ukingo wa jukwaa. Nywele zake zilizokuwa na mvi mbili tatu zilikuwa nyeupe zote. Ndevu nilizonyoa asubuhi ile zilikuwa zimefika kifuani. Mwanga ulikuwa bado wa alasiri, juu ya mkoba. Watu walilala kwa zamu. Wa mstari mmoja wakilala, wa mstari mwingine walikesha ili pumzi ya usingizini isimtoke mtu mahali pabaya. Kuna mahali nilitazama mikono yangu nikaona ni ya baba, pamoja na lile kovu la kisu kwenye kidole gumba, na sikushangaa. Nilimwachia apige. Alipiga vizuri kuliko mimi, ila kila mara alitaka kurudi, nikawa na kazi ya kumvuta shati.

Mtu mmoja, mwalimu Fawzi, alisimama. Alikuwa amevua tai na kuifunga kwenye mkono. Alisema bila kelele kwamba aliacha chungu jikoni na binti mwenye homa. "Wewe unamsubiri mama yako," aliniambia. "Mimi nani ananisubiri?" Sikuwa na mdomo wa kumjibu. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko afisa na kalamu yake: kwamba nimewafungia watu mia tatu kwa ajili ya mwanamke mmoja, na kwamba mlinzi wa gereza lile alikuwa mimi, nikitumia kufuli tamu. Nilipiga jibu, lakini lilikuwa jibu bovu, lenye kuomba radhi na kuendelea kutenda. Mwalimu Fawzi alilisikiliza mpaka mwisho wake. Akaketi. Nilipokaribia nyumbani tena nilimwona akiuma mkono wa shati lake.

Kisha Afisa wa Mwisho akaja. Alipanda jukwaani kwa hatua za mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akasimama karibu na sikio langu la kushoto. Nilidhani atatisha. Aliniambia kwamba alitoka nyumbani akimwahidi mkewe maziwa, na kwamba hawezi kuondoka kabla ya kuandika mwisho. Naye alifungiwa kama sisi, ila yeye hakupewa hata kiti chenye mto. Aliniambia pia kwamba soksi zake zimelowa. Tangu wimbo uanze sakafu inatoa maji, hajui yanatoka wapi, ameangalia mabomba yote na hakuna bomba.

"Maliza, ndugu yangu," alisema. "Hata mimi nina kwetu."

Ilinichoma. Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, anako kwao, na ndiyo tofauti yetu yote. Badala yake nilimpigia kwao. Nilibuni papo hapo nyumba ya mtu nisiyemjua, mlango wa kijani, bilauri ya maziwa, mke anayetazama barabara. Hakuelewa, au alielewa. Alirudi mezani, na mguu wake mmoja, wenye soksi mbichi, ukaanza kufuata mapigo kwa siri chini ya meza.

Maji nami nilikuwa nimeyaona. Yalipanda kati ya mbao, kidogo kidogo, baridi, na mbao za jukwaa zilikuwa zimeanza kuvimba. Hata nai ilivimba. Sauti zake zilizidi kuwa nzito na za chini, nami nilidhani ni uchovu wangu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimeisikia methali hiyo ikisemwa kwa furaha, kana kwamba kurudi ni jambo la kuaminika, litatokea tu, mtu akae asubiri. Hakuna aliyesema marejeo yakifungwa yule mwenda afanye nini. Atazunguka. Ataita kuzunguka kwake sanaa. Watampigia makofi kwa namna anavyozunguka vizuri.

Nilichoka. Niseme wazi: nilichoka kiasi cha kumtoa mama yangu kafara. Ilifika mahali nyuma ya masikio pakawa moto, macho yakaona nukta, na moyo wangu ukaniambia kwa lugha nyepesi kwamba mama ni mzee, ameishi, na wewe umejitahidi. Nikavitazama vidole vikishuka na sikuvizuia. Ngazi moja. Nyingine. Bi Nazmiya aliona usoni mwangu kwamba safari hii sitakunja. Alijifunika mdomo kwa darizi, mikono miwili. Ukumbi mzima ukajifunika midomo, kwa shali, kwa kofia, kwa mkono wa jirani. Nikatua. Sauti ya nyumbani ilitoka nzima, mara ya kwanza tangu nilipoiacha, na watu mia tatu walikaa nayo bila kushusha pumzi, nyuso zimewiva, machozi yanawatoka, na hakuna aliyetoa hata mvumo. Afisa alishika kalamu juu akingoja nusu ya pili ya sheria. Sikujua kwamba binadamu wanaweza kunipenda kiasi kile. Niliona aibu, nikavuta hewa kwa pua, nikaondoka tena.

Ndipo mlango wa mashariki ukafunguka.

Mama aliingia viatu vyake vya raba vimejaa tope. Alikuwa na tete mkononi, bichi, lina majani, limekatwa muda si mrefu. Alisimama mwanzoni mwa njia akautazama ukumbi kuanzia dari hadi chini, halafu akaitazama sakafu kwa muda mrefu. Umri wake ulikuwa umechanganyika; usoni alikuwa bibi, shingoni alikuwa msichana. Watu walimgeukia wote. Nikaanza kushuka ngazi za mwisho kwa furaha ya mtumwa aliyeona ufunguo. Amerudi. Kiti chake kipo, jina lake lipo, nina haki ya kumaliza. Bi Nazmiya alikuwa ameshaufunua mdomo.

"Rushdi," mama alisema. "Ni hapa."

Alieleza akitembea kuja mbele, naye hakuinua sauti, ila ilisikika. Aliifuata barabara mpaka penye kiwanda cha mawe, akakata kushoto kama zamani, akapita miti ya zeituni aliyoijua kwa vifundo vyake. Pale ambapo chemchemi ilipaswa kuwa, alikuta ukuta mrefu wa nyuma wa jengo, na chini ya ukuta matete yaliyojipenyeza. Akakata moja. Akauzunguka ukuta akitafuta njia ya kuingia. Akakuta mlango, akausukuma, akatuona sisi.

Afisa wa Mwisho alikuwa amesimama. Alisema kwa upole kwamba basi mama amerejea salama na bwana Rushdi anaweza kumaliza, na kila mtu arudi kwake. Mama alikaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Akamuuliza kibali kinasema mpaka lini. Akajibiwa mpaka mwisho wa onyesho.

"Na ukishaandika mwisho, mimi nakwenda wapi?"

"Upande ule, mama."

"Na huyu?"

Afisa aliniangalia. Akaielekeza kalamu sakafuni, yaani upande huu; sentensi ile ya mwisho niliiandika mimi na sote tuliijua.

Vidole vyangu vilikuwa ngazi moja kutoka nyumbani. Pumzi niliyobakiwa nayo haikuwa ya kujivunia. Chini yangu maji yalisukuma mbao, na niligundua kwamba ule uzito wa nai haukuwa uchovu. Ilikuwa imerudi kwenye maji yake na ilikuwa ikinywa. Wale watu mia tatu walinitazama. Miongoni mwao alikuwapo mwenye chungu jikoni na binti mwenye homa, na nikamtafuta huyo kwanza, kwa kuwa yeye ndiye niliyemdhulumu zaidi. Mwalimu Fawzi aliinama, akagusa maji ya sakafu, akayanusa, akapangusa uso nayo. Kisha akaninyanyulia kichwa. Alikuwa analia na alikuwa ananiambia niendelee.

Ningeweza kutua. Milango ingefunguka, na tungekwenda zetu, kila mtu upande wake, tukiwa huru kuondoka nyumbani.

Nikajaza mashavu. Nikakunja sauti ile robo juu, nikaenda.

Mama alivua raba zake zenye tope, akaweka miguu majini. Akamgusa Bi Nazmiya begani, akaomba sindano, akashika upande wa pili wa darizi. Afisa wa Mwisho alibaki amesimama kitambo na kalamu yake. Halafu akakaa, akainama chini ya meza, akaanza kuvua soksi.